Kuchagua Msumeno wa Nakshi Unaporudi Kwenye Useremala: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa mtu aliyewahi kushika randa na patasi, akaacha kwa sababu ya kazi, watoto au kukosa nafasi, na sasa anataka kurudi kwa kujifurahisha. Fundi anayetafuta mashine ya kumwingizia mkate atahitaji majibu mengine. Anayefanya kwa raha hana haja ya kasi wala wingi. Anachohitaji ni mashine ambayo haitamchosha roho akaifunika turubai baada ya mwezi.

Msumeno wa nakshi unafanya kazi gani hasa?

Msumeno wa nakshi, au skroli so, ni mashine ya kuweka mezani yenye bledi nyembamba iliyosimama wima. Bledi inapanda na kushuka, nawe unaizungusha mbao juu ya meza ukifuata mchoro. Ni mashine ya mikato inayojipinda: herufi, sanamu bapa za wanyama, mafumbo ya vipande, fremu za picha, vifuniko vya taa, na kupachika mbao ya rangi moja ndani ya nyingine.

Kinachoutofautisha na misumeno mingine ya umeme ni mkato wa ndani. Unatoboa tundu dogo katikati ya mbao, unaifungua bledi upande mmoja, unaipitisha tunduni, unaifunga tena, kisha unakata dirisha bila kugusa ukingo wa nje. Msumeno wa mkanda hauwezi, kwa kuwa bledi yake ni pete isiyofunguka. Jigso ya mkononi inaweza kwa madirisha makubwa tu, na bledi yake pana haigeuki kwenye kona ndogo.

Usiutegemee kwa mistari mirefu iliyonyooka, kupasua mbao nene, au kukata vipande vya kabati. Mashine nyingi zimeandikwa kwamba zinakata unene wa milimita 50. Zinakata kweli, ila polepole. Raha ya kazi inaishia kwenye milimita 25 hivi.

Je, msumeno wa mkono hautoshi?

Kwa mwenye subira, unatosha. Misumeno ya upinde yenye bledi nyembamba ilikata nakshi kabla umeme haujaingia karakana yoyote. John Spilsbury wa London, aliyebandika ramani juu ya mbao na kuikata kwa kufuata mipaka ya nchi miaka ya 1760, na ambaye wengi humtaja kama mwanzilishi wa mafumbo ya vipande, hakuwa na mota.

Faida ya mashine ni mbili: mikono yote miwili inakuwa huru kuongoza mbao, na bledi inabaki wima mchoro mzima. Ukiwa na msumeno wa mkono nyumbani, anza nao. Kama unachokipenda ni mchoro, na kinachokuudhi ni kiganja kuuma, basi mashine itakufaa.

Kwa nini watu wengi wanaorudi huanzia hapa na si kwenye msumeno wa meza?

Inachukua nafasi ndogo, haipigi kelele za kuamsha mtaa, inatumia mabaki ya mbao, na haina tabia ya kuurusha ubao kuelekea tumboni mwa fundi. Mtu anaweza kuiwasha saa moja jioni, akakata kidogo, akazima. Mashine nyingine zinataka siku nzima na karakana.

Nikiangalia kitu kimoja tu dukani, kiwe kipi?

Vibano vya bledi, yaani vishikizo vinavyobana ncha zake juu na chini. Si mota, si ukubwa, si taa iliyochomekwa pembeni kama pambo.

Fikiria mchoro wa mti wenye matawi, wa kawaida kabisa kwenye kazi hizi. Kila nafasi kati ya matawi ni dirisha, na kila dirisha lina tundu lake. Mchoro wenye madirisha 60 unamaanisha kufungua na kufunga bledi mara 60. Kibano kinachokula nusu dakika kila safari kitakula nusu saa nzima, na nusu saa hiyo ni ya kuinama, kukodoa macho na kutafuta ufunguo wa alenki ulioanguka kwenye vumbi la mbao.

Kwa hiyo omba muuzaji akuruhusu ubadilishe bledi mwenyewe. Usikubali kuoneshwa na aliyezoea, maana mikono yake inaficha kasoro. Fungua kibano cha juu kwa vidole tu, bila chombo. Je, kirungu chake ni kikubwa cha kushikika, au ni kiskrubu kinachoteleza? Ukilegeza wenzo wa mkazo, je, mkazo unarudi ulipokuwa ukiukaza tena, au unaanza kutafuta upya kila mara? Angalia pia kama mkono wa juu wa mashine, ule unaoshika ncha ya juu ya bledi, unaweza kunyanyuka na kubaki juu wenyewe. Ukibaki juu, mkono wako mmoja unashika mbao, mwingine unaiteremsha kwenye bledi. Usipobaki, utatamani kuwa na mkono wa tatu.

Kibano cha chini nacho kifikike bila kulala chini ya meza. Hapo ndipo mashine nyingi za bei ya chini huanguka.

Bledi zenye pini na zisizo na pini: kuna tofauti ya maana?

Kubwa kuliko inavyoonekana. Bledi ya pini ina kijiti kidogo cha chuma kila ncha, kinachokaa kwenye ndoano ya mkono. Kuibadilisha ni rahisi, hata mtoto anaweza. Ubaya ni kwamba kile kijiti lazima kipite kwenye tundu, hivyo tundu linahitaji upana wa karibu milimita 5. Nakshi laini haina nafasi ya tundu la namna hiyo. Pia bledi za pini hazitengenezwi kwa wembamba unaohitajika kwa kazi ndogondogo.

Bledi isiyo na pini ina ncha bapa tupu, inabanwa na kibano, na kwa bledi nyembamba tundu la milimita 1 na kidogo linatosha. Aina zake ni nyingi mno ukilinganisha. Urefu wa kawaida wa zote ni inchi 5, yaani karibu milimita 127 hadi 130.

Ushauri wangu hauna kona: nunua mashine inayokubali bledi zisizo na pini. Ikikubali zote mbili, vizuri. Ikikubali za pini pekee, iache hata kama bei inakubembeleza, isipokuwa unataka kukata mafumbo makubwa ya watoto na basi.

Inchi 16, 18, 20, 21... nichukue ipi?

Namba hiyo ni kina cha koo, nafasi kutoka bledi hadi nguzo ya nyuma. Mashine ya inchi 16 ina takriban milimita 406. Ubao unaozunguka bila kugonga nguzo hauwezi kuzidi hapo kutoka kwenye bledi hadi kona yake ya mbali zaidi.

Sasa chukua rula upime vitu unavyotaka kutengeneza. Fremu ya picha ya mezani, jina la mtoto, sanamu ya ndege: karibu zote ziko chini ya milimita 300. Inchi 16 inazibeba. Watu hununua koo kubwa kwa hofu ya kesho, kisha miaka inapita koo likiwa tupu. Sababu nzuri ya kuchukua inchi 20 au 21 ni nyingine: mashine za ukubwa huo kwa kawaida zimejengwa vizuri zaidi, zina uzito, zina vibano bora. Unalipia ubora, na koo linakuja nao.

Ukipata kazi moja kubwa kuliko koo, kuna bledi za mzunguko, zilizosokotwa zikawa na meno pande zote. Hizo hukata upande wowote bila kuizungusha mbao. Mkato wake ni mpana na wenye kuparuza, lakini kwa siku moja utavuka.

Kila mtu anasema mtetemo. Kwa nini?

Kwa sababu mkono wa mashine unabadilisha mwelekeo mara elfu na zaidi kwa dakika, na nguvu hiyo lazima iende mahali. Ikienda kwenye mbao yako, mstari unatikisika, macho yanachoka, na baada ya dakika 20 unajikuta unasimama bila kujua umechoshwa na nini.

Uzito ndio dawa ya kwanza. Mwili wa chuma cha kalibu unameza mtetemo. Wa bati jepesi unauimba. Dawa ya pili ni kuifunga mashine kwa bolti kwenye kitu kizito. Mashine ya wastani iliyofungwa kwenye benchi la mbao nene hutulia kuliko mashine nzuri iliyowekwa juu ya meza ya kukunja. Stendi ya miguu mitatu inakaa sawa hata sakafu ikiwa na mabonde. Mkeka wa mpira chini ya mashine husaidia kelele zaidi ya mtetemo.

Jaribio la dukani: weka sarafu isimame wima juu ya meza ya mashine, washa kasi ndogo, ongeza taratibu. Karibu kila mashine itaiangusha mahali fulani. Unachotafuta ni kasi gani inaanza kutikisika, na kama ukivuka kasi hiyo inatulia tena. Mashine nyingi zina kasi moja mbaya na nyingine nzuri juu yake. Ikiwa haijafungwa kwa bolti, ipunguzie lawama.

Mkono wa C, mikono sambamba, viungo sambamba: ni maneno ya wauzaji au yana maana?

Yana maana. Mkono wa C ni kipande kimoja kinachobembea kwenye egemeo la nyuma. Bledi hupita kwa tao dogo, ikiingia mbele na kurudi nyuma kidogo, hivyo inakata kwa pupa na ukingo hauwi wima kabisa kwenye kona kali. Mikono sambamba ni miwili, juu na chini, inayobembea pamoja. Bledi inabaki karibu wima muda wote. Hegner ya Ujerumani imejijengea jina kwa muundo huo. Viungo sambamba vina mikono iliyosimama tuli, na ndani yake fito zinazosukuma vipande vifupi vya mbele tu. Kinachotembea ni kidogo, kwa hiyo mtetemo hupungua. DeWalt DW788, ya inchi 20 na mapigo 400 hadi 1,750 kwa dakika, ni mfano unaojulikana sana wa muundo huu.

Anayerudi kwa raha anafaa mikono sambamba au viungo sambamba. Mkono wa C una wapenzi wake, ila ni ladha inayokuja baadaye.

Kasi inayobadilika ni ya lazima?

Ndiyo. Mashine zenye kasi moja au mbili zipo, na kwa plaiwudi zinafanya kazi. Lakini mbao ngumu inayoungua, plastiki inayoyeyuka na kuziba nyuma ya bledi, na veniya (ganda jembamba la mbao) inayopasuka, zote zinataka upunguze. Zaidi ya hapo, aliyekaa miaka bila kukata anahitaji kuanza polepole mpaka vidole vikumbuke. Kirungu cha kasi kiwe mbele, si ubavuni nyuma ya mkono.

Na nguvu ya mota?

Isikusumbue. Bledi ya unene wa milimita 0.4 itakatika kabla mota haijalemewa.

Meza inayoinama au mkono unaoinama?

Kukata kwa pembe kunahitajika kwa bakuli zinazojengwa kwa pete kutoka ubao mmoja, na kwa kupachika mbao mbili zilizokatwa pamoja ili kipande kimoja kikwame ndani ya kingine bila pengo. Kazi hiyo ya pili inataka digrii chache tu, takriban 2 hadi 8 kulingana na unene wa mbao na wa bledi.

Mashine nyingi zinainamisha meza, kwa kawaida digrii 45 kushoto na kidogo kulia. Mbao inateleza kuelekea chini na mkono mmoja unafanya kazi ya kuizuia. Mashine chache za juu, Excalibur zikiwa mfano, zinainamisha kichwa chote huku meza ikibaki bapa. Ni raha, lakini kama pembe si kazi yako kuu, usiilipie.

Kipimo cha digrii kilichobandikwa chini ya meza, kwa mashine yoyote, kichukulie kama uvumi mpaka uthibitishe kwa skweya, kile kifaa cha kupimia pembe mraba.

Nimepewa pakiti za bledi zenye namba. Nianze na ipi?

Namba 5. Ndiyo itakayofanya kazi nyingi za mwanzo, hasa mbao za milimita 12 hadi 20. Ina upana wa karibu milimita 1 na meno kama 12 kwa inchi. Namba zikipanda, bledi inakuwa nene na kali, mpaka 12 kwa mbao nene na ngumu. Zikishuka, inakuwa laini, hadi 1, kisha 0, 2/0 na chini yake kwa veniya na vipande vya vito.

Hapa inafaa kupiga hesabu kidogo, kwani ndipo wengi hulaumu mashine. Meno 12 kwa inchi ni jino moja kila milimita 2 na ushee. Ukikata plaiwudi ya milimita 3, jino moja au mawili tu ndiyo yako ndani ya mbao kwa wakati mmoja. Bledi haikati tena, inagonga. Mbao inaruka na upande wa chini unachanika. Weka namba 2/0 yenye meno kama 28 kwa inchi, na mara moja meno matatu yako kazini. Plaiwudi ileile, mashine ileile, mkato tofauti kabisa.

Mpangilio wa meno nao una uzito wake. Meno ya kuruka, yaani jino, nafasi, jino, nafasi, hutoa vumbi vizuri na hukata bila joto jingi. Ndiyo ya kuanzia. Meno mawilimawili hukata polepole na kuacha ukingo laini. Bledi za meno ya kinyume zina meno machache ya chini yanayotazama juu, ili kuzuia kuchanika upande wa chini. Ukizifunga, zungusha mashine kwa mkono hadi bledi ifike juu kabisa, kisha hakikisha meno mawili au matatu ya kinyume yanachomoza juu ya meza. Yasipochomoza, umelipia kitu kisichofanya kazi.

Nunua dazeni ya kila aina unayojaribu. Bledi nzuri kwenye mashine ya wastani hushinda bledi iliyokuja bure ndani ya boksi la mashine ghali.

Mbona mkato wangu unavutika upande wa kulia hata nikisukuma sawasawa?

Mashine haina kosa, wala wewe huna. Bledi nyingi hutengenezwa kwa kukatwa kwa mashine inayoacha ncha ndogo za chuma upande mmoja wa meno, kwa kawaida wa kulia. Upande huo unakuwa mkali zaidi, na bledi inaufuata. Aliyezoea msumeno wa mkanda au wa meza hushangaa sana, maana alifundishwa kusukuma moja kwa moja. Hapa unaigeuza mbao digrii chache na kuisukuma hivyo hivyo imekaa upande. Baada ya saa chache mwili unajua wenyewe.

Bledi zinakatika ovyo.

Kwanza mkazo. Bledi iliyokazwa vizuri, ukiigusa kwa ukucha, inatoa mlio mkali wa juu, na ukiisukuma kwa kidole upande haiendi zaidi ya milimita 3. Bledi iliyolegea hupinda, hujaa joto na kukatika. Wengi hudhani imekazwa mno na kuilegeza zaidi.

Pili, subira. Bledi butu inasukumwa, na bledi inayosukumwa hukatika. Nusu saa ya kukata mbao ngumu ni umri wa kawaida kwa bledi moja. Ukiona unainama mbele kuisaidia, itupe.

Kuna pia mbinu ya kubana matumizi: kwa kuwa mwendo wa bledi ni milimita 19 hivi, mbao nyembamba hutumia sehemu ndogo tu ya meno. Weka kipande cha plaiwudi juu ya meza, kitoboe katikati, na mbao yako itapanda hadi kwenye meno mapya.

Kingo zinaungua na kuwa nyeusi.

Mbao ngumu zenye nyuzi zilizobanana ndizo zinazopenda kuungua. Punguza kasi, weka bledi ya meno ya kuruka, usisimame sehemu moja. Kisha bandika selotepu pana ya kufungia maboksi juu ya mchoro. Inasaidia kweli, wazoefu wanabishana kama ni gundi yake au utelezi wa mgongo wake unaoilainisha bledi, na ubishi huo hauna haja ya kukuchelewesha.

Mashine iliyotumika: nikague nini?

Kwa mtu anayerudi, mara nyingi hii ndiyo njia bora. Watu hununua misumeno hii kwa shauku na kuiuza ikiwa bado ina rangi ya kiwandani.

Anza ikiwa imezimwa na haijachomekwa. Shika ncha ya mkono wa juu, utikise kushoto na kulia. Ikicheza na kutoa mlio wa chuma, bushi au beringi zimekwisha. Zinabadilishika, lakini hakikisha kwanza vipuri bado vinatengenezwa. Fungua skrubu za vibano uzitoe kabisa; tazama ncha zake na nyuzi zake. Skrubu iliyolika ni jambo dogo, lakini uzi wa ndani ya kibano ukiwa umelika, bledi itachomoka kila ukikaza. Weka rula ya chuma juu ya meza kuona kama imepinda. Kutu ya juu juu inatoka kwa msasa.

Funga bledi mpya uliyokuja nayo mwenyewe. Usikubali jaribio kwa bledi ya muuzaji. Zungusha mota kwa mkono na utazame bledi kwa mbele: ipande na kushuka bila kwenda kushoto na kulia. Kwa pembeni, mwendo mdogo wa mbele na nyuma ni wa kawaida. Sasa iwashe, pandisha kasi hadi mwisho, rudisha. Kasi inayorukaruka yenyewe ni dalili ya kifaa cha kudhibiti kilichochoka. Mwisho, kata mbao. Muuzaji asiyetaka ukate amekwisha kukujibu.

Mashine za zamani sana zenye mkono mmoja uliotulia na springi juu ni nzuri kuziangalia. Nyingi hukatakata bledi, na nyingine zinataka bledi za urefu usiopatikana. Mpenda vitu vya kale azichukue. Mpenda nakshi aendelee na safari.

Mashine imetoka nchi yenye volti 120, kwangu ni 230.

Transfoma inashusha volti, haibadilishi masafa ya umeme, yale yanayopimwa kwa hezi. Mota ya kawaida isiyo na kidhibiti cha kielektroniki, iliyoundwa kwa hezi 60, ikipewa hezi 50 itazunguka polepole kwa takriban asilimia 17 na inaweza kupata joto zaidi. Mashine nyingi zenye kasi inayobadilika hutumia mota ya mkondo mnyoofu (DC) yenye kidhibiti, na hizo kwa kawaida hazijali. Soma kibati cha mota kabla ya kulipa, na chagua transfoma yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa pale.

Macho yangu si yale ya zamani, na mgongo pia.

Ndiyo maana kikao ni sehemu ya ununuzi. Kaa, usisimame, kazi hii ni ya saa nyingi za mwendo mdogo. Meza ya mashine iwe karibu na urefu wa kiwiko ukiwa umekaa, na mashine iinamishwe mbele kidogo kwa vipande vya mbao chini ya miguu ya nyuma, ili uone mstari bila kukunja shingo.

Taa yenye lenzi ya kukuza ni bora kuliko miwani mipya. Mchoro uchapwe kwa mstari mwembamba wa rangi, mwekundu kwa mfano, kwani mstari mweusi mnene unaficha bledi iko upande gani. Kiswichi cha mguu ninakipigia debe kuliko kifaa kingine chochote cha ziada: mikono haiondoki kwenye mbao, na bledi ikikatika unaachia tu. Kipulizia vumbi cha mashine kielekee kwenye mstari. Vingi vya kiwandani vinatazama pembeni.

Vumbi lake ni dogo. Nahitaji barakoa?

Vumbi lake ni laini, na hilo ndilo baya. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeliweka vumbi la mbao katika kundi la 1, la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Barakoa ya FFP2 au N95, kifyonza vumbi karibu na bledi, na dirisha wazi. MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi) na mbao za kigeni usizozijua, usizikate bila vyote vitatu.

Ni mashine salama kiasi gani?

Ni miongoni mwa zile za upole, na bado inatoboa kidole. Jeraha la kawaida hutokea mbao inapokwama kwenye bledi ikipanda: inanyanyuliwa na kupigapiga meza, na vidole viko chini yake. Mguu wa kukandamiza mbao huzuia hilo, ingawa wazoefu wengi huuondoa kwa kuwa unaziba macho. Uache mahali pake mpaka mikono izoee kukandamiza yenyewe. Vaa miwani ya usalama, kwani bledi inayokatika huruka.

Mashine imefika. Nifanye nini kabla ya kukata mchoro wa kwanza?

Hakikisha bledi iko wima. Chukua kipande cha mbao nene, milimita 40 hivi, ukate mstari mfupi ukingoni, kisha uzime. Kigeuze kipande ukipeleke nyuma ya bledi, na ujaribu kuingiza mgongo wa bledi kwenye mkato uleule. Ukiingia bila kugusa, meza iko sawa. Ukigota juu au chini, legeza kirungu cha meza, sogeza kidogo, rudia. Kipimo hiki kinashinda skweya ndogo, maana kinazidisha kosa mara mbili ulione.

Halafu chora kwenye mabaki mistari iliyonyooka, mawimbi, miduara na kona za pembe mraba, ukate kwa kasi ya chini. Kwenye kona kali usiisukume mbao mbele. Irudishe nyuma kidogo, mgongo wa bledi uguse ukingo, izungushe palepale huku bledi ikiendelea, kisha endelea na upande wa pili. Mbao laini ya milimita 12 hadi 19 ndiyo mwalimu mzuri; plaiwudi nyembamba inakwenda haraka mno kwa anayejikumbusha.

Matunzo yake?

Futa vumbi kwenye vibano kila siku ya kazi, kwa kuwa bledi huteleza kwenye vumbi. Nta kavu juu ya meza. Beringi zilizozibwa hazitaki kitu. Za bushi zinataka oili nyepesi kama kitabu cha mashine kinavyosema. Ukimaliza, legeza mkazo wa bledi.